Besi lako linakoroma? Libadili roho, uache mwili

Nikisema pikapu, msomaji wangu, usianze kuwaza ile ya kubebea saruji na mchanga. Nazungumzia kile kidude cheusi kilicholala chini ya nyuzi za gitaa la besi. Ni kidogo, lakini ndicho kinachoamua kama ukumbini watu watasikia besi au watasikia nyuki ndani ya debe.

Vijana wengi wa bendi za mjini tunaanzia chini. Besi la kwanza unauziwa na mshkaji aliyefulia, halina jina la maana, rangi imebanduka, ila shingo imenyooka. La kwangu ndivyo lilivyo. Kiongozi wa bendi akanipa masharti: ama besi lisikike kabla ya mwisho wa mwezi, ama tukodi gitaa na pesa ya kukodi ikatwe kwenye mgawo wangu. Mgawo wenyewe ni wa nauli na chipsi! Kununua jipya ilikuwa ndoto ya mchana. Ikabaki njia moja: kubadili pikapu.

KIDUDE CHENYEWE

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko maelfu kwa maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme kiduchu unazaliwa kwenye waya, unakwenda kwenye amplifaya, watu wanajimwaga. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hapo hazifui dafu.

Leo Fender wa Marekani alitoa besi la Precision mwaka 1951. Mwaka 1957 pikapu yake ikagawanywa vipande viwili: kimoja cha nyuzi mbili nene, kingine cha zile nyembamba, waya zikazungushwa kinyume ili mvumo wa umeme ujifute wenyewe. Mwaka 1960 likafuata Jazz Bass, lenye pikapu mbili ndefu. Mabesi mengi ya bei chee yameiga moja ya hayo mawili, na hapo ndipo ngekewa yetu ilipo, kwani pikapu ya maana ya umbo lile mara nyingi inaingia bila kuchonga mbao.

Lakini pima kwanza, ndugu yangu! Kwenye Jazz ya kawaida, pikapu ya karibu na daraja ni ndefu kidogo kuliko ya upande wa shingo. Milimita chache tu zinatosha kukukwamisha.

KABLA HUJATOA PESA

Funga nyuzi mpya. Kisha shika bisibisi, pandisha pikapu isogelee nyuzi, sauti itaongezeka. Usizidishe, maana sumaku itazivuta na tuni itayumba. Wengine mchezo unaishia hapo, pesa inabaki mfukoni. Na kama shingo imepinda, hata pikapu ya dhahabu haitakusaidia.

Mimi nilifanya yote hayo. Besi likapata nafuu, lakini mkoromo ukabaki palepale na sauti nyembamba kama uji wa mgonjwa.

KWA FUNDI REDIO

Pikapu nilipata kwa mpigaji mmoja aliyekuwa nazo akiba, zimetumika lakini nzima. Zilikula posho ya harusi tatu. Kazi akaifanya fundi redio wa mtaani, kwa sababu ni ileile ya waya na risasi. Kabla ya kung'oa chochote tukachora kila waya unakokwenda. Poti za volyumu na toni zilikuwa zinakwaruza, tukaweka mpya za kiloomu 250, ambazo ni za kawaida kwa besi lisilotumia betri. Ndani ya tundu tukabandika karatasi ya shaba iliyoungwa na waya wa ethi, kuzuia mvumo.

Usikimbilie kufunga nyuzi. Chomeka kwenye amplifaya, gonga pikapu taratibu kwa bisibisi. Ikijibu "ko", umepona. Ukishafunga nyuzi ziguse: mvumo ukizidi badala ya kupungua, kuna waya umegeuzwa.

Jumamosi iliyofuata mpiga drams aligeuka kuniangalia, akacheka. Kiongozi hakusema kitu, na kwake yeye huko ndiko kusifia. Mgawo nilipewa wote.

Ila tusidanganyane. James Jamerson, aliyetikisa Motown pale Detroit, alipiga Precision ya 1962 kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, na nyuzi zake alikuwa habadilishi ovyo. Pikapu inapeleka kwenye spika kile kilichoko vidoleni. Kama vidoleni hamna kitu, itapeleka hichohicho, tena kwa sauti kubwa! Kwa hiyo badili pikapu, halafu rudi mazoezini.