Masisi: Gari inakatika na kuwaka tena, kalkulateri inashitakiwa bure

Shofere anayefanya njia ya Goma, Sake, Masisi hadi Walikale haogopi sana gari iliyokufa kabisa. Hiyo inavutwa, fundi anaikuta imekufa, anaona kosa. Inayochosha ni ile inayokatika kwenye mlima kabla ya kufika Lushebere, inakaa dakika kumi, halafu inawaka kama vile hakukuwa na kitu. Ikifika garaji inanguruma vizuri kuliko siku zote. Fundi anatikisa kichwa, na shofere anaonekana muongo.

Kusimama kwenye njia hii kuna bei yake. Barabara ni ya udongo, na mvua ikinyesha gari moja iliyokwama inaweza kuzuia zingine zote. Usalama nao si wa kutegemea. Na ndani ya gari huenda kuna mgonjwa anayepelekwa hospitali kuu ya Masisi, ao mama mwenye maziwa na jibini ambayo haimngojei mtu.

Tunazungumza hapa juu ya magari yasiyo tena na kalkulateri ya kiwanda. Kalkulateri ni kile kisanduku kinachoamua esansi kiasi gani iingie kwenye moteri na cheche ipigwe wakati gani. Magari mengi ya huku ni ya mtumba kutoka Ujapani, yaliyopitia bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam. Moteri ikichoka na kubadilishwa na ya gari nyingine, mara nyingi kisanduku cha zamani hakiielewi. Njia moja ya kutoka ni kufunga kisanduku cha kununua pembeni, kama MegaSquirt, Link ao Haltech, ambacho fundi anakipangia hesabu mwenyewe kwa kompyuta.

Shida ikitokea, kisanduku hicho ndicho cha kwanza kushitakiwa. Kinavuliwa, kingine kinanunuliwa kwa dola, na wiki inayofuata gari inakatika palepale. Kwa maoni yangu hiyo ni pesa ya kutupa. Kisanduku kilichofanya kazi tangu asubuhi bila neno, kisha kikakatika kwa sekunde mbili, mara nyingi hakina kosa. Kosa liko kwenye nyaya zilizounganishwa kwa mkono na kuzungushiwa shatertoni nyeusi, ambazo mashimo ya njia yanazipiga kila siku.

Uzuri wa visanduku hivi ni kwamba vingi vinaweza kuandika kila kitu kinachotokea. Chomeka kompyuta, anza kurekodi kabla ya kutoka Sake, na uache hivyo mpaka gari ikatike. Kisha angalia sekunde za mwisho. Kama hesabu ya mizunguko ya moteri imeruka ghafula hadi sifuri, wakati gari ilikuwa bado kwenye gia na magurudumu yanaizungusha moteri, basi kisanduku kimepoteza ishara ya kaptere ya kranki. Kama mizunguko imeshuka polepole na umeme umebaki sawa, fuata upande wa esansi. Na kama rekodi yenyewe imekatika, ao saa ya kisanduku imeanza tena kuhesabu kutoka sifuri, kisanduku kilikosa umeme: rele, fusibu, kontakti ya ufunguo, ao masi.

Masi ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Fundi anaifunga kwenye bulo yoyote yenye rangi na kutu, moteri inawaka, anaridhika. Kuipima ni kazi ya dakika tano. Weka voltimetri kwenye volti ndogo, ncha moja kwenye alama ya kutoa ya bateri, nyingine kwenye masi ya kalkulateri, moteri ikizunguka na taa zote zikiwaka. Ikizidi volti 0.2, hapo pana ugonjwa. Huku unapima, mwenzako atikise fungu la nyaya kipande kwa kipande. Namba ikiruka, umefika.

Tukirudi kwenye zile dakika kumi: kaptere ya kranki yenye waya wa kuzungushwa ndani inaweza kukatika ikipata moto wa moteri, kisha ikapona ikipoa. Kwa hiyo ipime palepale njiani ikiwa bado ya moto, ulinganishe na kipimo chake ikiwa baridi. Ukingoja mpaka garaji, utapima kitu kizima. Waya wake uwe na koti la kuzuia umeme wa nje, koti hilo lifungwe masi upande mmoja tu, na usipite karibu na nyaya za buji.

Kuhusu esansi, wenye kununua kwa makadafi wanajua tayari. Bidoni ina maji na mchanga. Chuja, badilisha filtri mara kwa mara, endelea.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huo lakini si wa waya. Kutoka Sake, karibu na ziwa, barabara inapanda hadi kupita mita 2,000, na presha ya hewa inapungua karibu asilimia moja kwa kila mita 100. Kama kisanduku kimepangwa kupima esansi kwa kufuata nafasi ya pedali, na kinasoma presha ya hewa mara moja tu, wakati wa kuwasha, basi huko juu kinaendelea kumwaga esansi ya Sake. Gari haikatiki ghafula: inakuwa nzito na kutoa moshi mweusi. Ukizima na kuwasha tena, inapona, na watu wanadhani ni waya uliojigusa. Dawa ya kudumu ni kuongeza kaptere ya pili inayosoma hewa wakati wote. Wakati wa kushuka mambo yanageuka: esansi inakuwa haba na moteri inapata moto. Kwa hiyo simama Sake, zima, washa tena, ndipo ukanyage kuelekea Goma.