Kununua gitaa la besi: Tazama mkono wako kwanza, mfuko baadaye

WAPENZI wa muziki wa dansi waingiapo ukumbini, macho yao humwendea mwimbaji na mpiga solo. Mpiga besi husimama nyuma, karibu na ngoma, na wengi hawamjui hata jina. Lakini siku ambayo besi imekosekana, kila aliyesimama kucheza huhisi mara moja kwamba muziki umekosa miguu. Besi ndiyo inayozifunga ngoma na magitaa yawe kitu kimoja.

Zamani mpiga besi hakuwa na sababu ya kuumiza kichwa juu ya chombo chake. Bendi nyingi kubwa za Tanzania zilikuwa chini ya mashirika, vyama na majeshi. NUTA Jazz, mathalani, iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na ndiyo iliyokuja kujulikana kwa jina la Msondo Ngoma. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, na mwanamuziki alipiga kile alichokikuta jukwaani. Siku hizi vijana wengi wa dansi, taarabu na kwaya hujinunulia magitaa yao wenyewe, kwa fedha za mshahara au za akiba ya nyumbani. Kosa lifanyikalo dukani hulipwa na familia nzima.

Katika miaka hii ya 2020, gitaa jipya la besi la bei ya kati huuzwa katika nchi za nje kwa takribani dola za Marekani 300 hadi 900, kabla ya gharama za usafirishaji na kodi. Kwa mfanyakazi wa kawaida hizo si fedha za kuchezea. Hata hivyo, magitaa ya daraja hili hutengenezwa vizuri kiasi cha kumtosha mtu anayepiga ukumbini kila wiki. Ndugu msomaji, usiulize ni gitaa lipi lililo bora kuliko yote. Uliza ni lipi linalolingana na upigaji wako.

Sauti nzito au sauti kali?

Gitaa la besi la umeme tunalolijua leo lilianza kuenea mwaka 1951, pale Leo Fender wa California, Marekani, alipotoa Precision Bass. Chini ya nyuzi zake huwekwa sumaku zilizozungushiwa waya ili kunasa mtikisiko wa nyuzi. Hapa tutaziita vinasa sauti. Precision tunayoifahamu leo ina kinasa kimoja kilichogawanywa vipande viwili, nayo hutoa sauti nene, iliyotulia, isiyogombana na mwimbaji. Kama wewe ni mpigaji wa rumba au rege, unayeweka noti chache mahali pake na kuziacha zipumue, magitaa ya namna hii yatakufaa.

Mwaka 1960 Fender ilitoa Jazz Bass, yenye vinasa viwili na shingo iliyo nyembamba zaidi karibu na kichwa. Kinasa cha nyuma hutoa sauti iliyo kavu na yenye makali, hivyo kila noti husikika waziwazi hata magitaa mengine yanapokuwa mengi. Mpigaji ambaye vidole vyake havitulii, hasa muziki unapoingia kwenye chemko, hupata nafuu hapa.

Namna ya tatu ni magitaa yenye kikuza sauti kidogo ndani yake, kinachotumia betri, aghalabu ya volti 9. Mfumo huo ulipata umaarufu kwa gitaa la StingRay la kampuni ya Music Man, lililotolewa mwaka 1976. Mpigaji anaweza kuongeza au kupunguza sauti nzito na sauti nyembamba akiwa palepale jukwaani. Anayepiga kwa kugonga nyuzi kwa kidole gumba na kuzifyatua, au anayepiga leo dansi na kesho taarabu, ataona faida yake. Lakini akumbuke kuchomoa waya kila amalizapo kupiga, kwani katika magitaa mengi ya aina hii betri huendelea kutumika maadamu waya umechomekwa. Betri ikiisha katikati ya wimbo, gitaa huweza kunyamaza kabisa.

Kwa asiyeweza kuamua, yapo magitaa ya bei ya kati yanayochanganya kinasa cha Precision na kile cha Jazz. Mengi ya jamii ya BB ya Yamaha ni ya namna hiyo.

Mkono haudanganyi

Baada ya sauti, uangalie mwili wako. Urefu wa kawaida wa uzi wa besi, kutoka kichwani hadi kwenye daraja, ni inchi 34, yaani sentimita 86 hivi. Mwenye mkono mdogo, au mzazi anayemnunulia kijana wa shule, asione haya kutafuta gitaa fupi la inchi 30, ambalo ni kama sentimita 76. Paul McCartney wa Beatles alinunua besi fupi ya Höfner mjini Hamburg mwaka 1961 kwa sababu Fender ilikuwa ghali mno kwake. Kwa chombo hicho cha bei nafuu alirekodi nyimbo zilizosikika dunia nzima.

Uzito nao si jambo dogo. Besi nyingi huwa na kilo tatu na nusu hadi nne na nusu, na anayepiga usiku kucha atazihesabu kilo hizo begani. Magitaa ya jamii ya SR ya Ibanez, mathalani, yanajulikana kwa mwili mwepesi na shingo nyembamba. Kuhusu nyuzi tano, usizitamani kwa sababu tu jirani yako anazo. Uzi wa tano huongeza noti za chini kabisa, nazo zina faida katika kwaya na vikundi vinavyotumia kinanda, ambamo wimbo hupandishwa na kushushwa mara kwa mara. Lakini shingo yake ni pana, na uzi usiopigwa huvuma usipozuiwa. Kwa dansi, nyuzi nne zinatosha.

Wala usisahau nyuzi zenyewe. Zilizozungushiwa waya wa mviringo hutoa sauti inayong'aa. Zilizozungushiwa utepe bapa hutoa sauti ya upole na hulainisha vidole. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown mjini Detroit, alitumia Precision yenye nyuzi bapa, na mkono wake wa kulia ulifanya kazi kwa kidole kimoja tu. Pengine sauti unayoitafuta inahitaji seti mpya ya nyuzi, nawe unadhani unahitaji gitaa jingine.

Ukifika dukani

Rangi na mng'aro viache mwisho. Vaa gitaa kwa mkanda, kisha uachie mikono: kichwa kikianguka kuelekea chini, mkono wako wa kushoto utafanya kazi ya ubebaji siku zote. Tazama shingo kwa urefu wake, kama seremala atazamavyo ubao, uone kama imepinda upande. Piga kila noti ya kila uzi, polepole, ukisikiliza kama kuna noti inayokwaruza au kufa upesi. Linganisha sauti ya uzi ulioachwa wazi na noti ya freti ya 12. Zifanane kabisa, moja ikiwa juu ya nyingine. Zungusha kila kifundo. Kikikoroma, uliza sababu. Mambo mengine hurekebishika kwa fundi, kama vile urefu wa nyuzi kutoka shingoni. Shingo iliyojisokota ni ugonjwa usio na dawa rahisi, hasa ukinunua gitaa lililokwisha tumika.

Wakazi wa pwani wana la ziada: jasho na hewa ya chumvi hula nyuzi na vyuma. Kitambaa kikavu cha kufutia kila baada ya kupiga hakigharimu kitu.

Hesabu ya nyumbani

Wengi humaliza fedha zote kwenye gitaa, kisha hulichomeka kwenye spika ya redio ya nyumbani. Uzi mzito wa besi ya nyuzi nne hutikisika mara 41 kwa sekunde, na ule wa tano mara 31. Spika ndogo haiwezi kuitoa sauti hiyo ipasavyo, na ikilazimishwa huweza kupasuka. Kama bendi yako haina amplifaya ya besi, tenga sehemu ya fedha zako kwa ajili hiyo tangu mwanzo, hata kama italazimu kuchukua gitaa la bei ya chini kidogo. Ongeza waya imara, mkanda mpana na mfuko wa kubebea.

Kabla ya kutoa fedha, keti na mwenzako wa nyumbani mkaandike hesabu hiyo yote kwenye karatasi, ada za watoto na kodi ya nyumba zikiwa juu ya orodha. Kisha nenda dukani pamoja na mwenzako wa bendi, kwa kuwa anayejua vizuri unavyopiga ni yule anayepiga ngoma kando yako.