Mzazi Anapotoa Taarifa: Jamii Mbele ya Ugaidi wa Ndani

Ugaidi wa ndani ni matumizi ya nguvu au vitisho dhidi ya raia, kwa lengo la kisiasa, la kidini au la kikabila, yanayofanywa na watu waliozaliwa au kulelewa katika nchi ile ile wanayoishambulia, na ndiyo maana ulinzi wa mipaka na vikosi vya jeshi, ambavyo serikali huvitegemea dhidi ya adui wa nje, havitoshi kuuzuia. Itikadi kali, ambayo aghalabu huutangulia ugaidi huo, ni imani ya mtu kwamba kundi lake peke yake ndilo lenye haki, na kwamba walio nje ya kundi hilo hawastahili kusikilizwa wala kuvumiliwa. Wengi wenye imani hiyo hawamdhuru yeyote maishani mwao, na katika nchi inayofuata katiba wana haki ya kusema wanayoyaamini hata kama yanawachukiza wengine; anayepaswa kukabiliwa na dola ni yule aliyekwisha kuihalalisha damu ya wenzake na kuanza kujiandaa kuimwaga. Kuwatenganisha watu hao wawili ni kazi ngumu, na serikali nyingi zimeshindwa kuifanya.

Chanzo kimoja cha kushindwa huko ni mazoea ya kuuhusisha ugaidi na watu wa aina moja. Tarehe 19 Aprili 1995, bomu lililotegwa ndani ya lori liliua watu 168, wakiwamo watoto 19, katika jengo la serikali mjini Oklahoma City, Marekani, na katika saa za mwanzo vidole vingi vilielekezwa Mashariki ya Kati, hadi ilipobainika kuwa mtegaji alikuwa Mmarekani aliyewahi kutumikia jeshi la nchi yake na ambaye aliichukia serikali yake mwenyewe. Ujerumani ilikosea kwa muda mrefu zaidi. Kikundi kidogo cha Wanazi mamboleo, yaani wafuasi wa kizazi kipya wa itikadi ya Hitler, kiliua watu kumi kati ya mwaka 2000 na 2007, tisa kati yao wakiwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji, na kwa miaka hiyo yote wapelelezi waliwasaka wauaji miongoni mwa ndugu na marafiki wa marehemu, wakidhani ni ugomvi wa wahalifu wao kwa wao. Jamaa za marehemu waliandamana mwaka 2006 wakidai mauaji yakomeshwe, lakini ukweli ulijulikana Novemba 2011 tu, na kwa wakati huo familia zilikuwa zimekwisha kubeba msiba na tuhuma kwa pamoja.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, nchi inayotoa mafunzo mengi zaidi ni Kenya. Mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998 kwenye balozi za Marekani, yaliyoua zaidi ya watu 200 jijini Nairobi na wengine 11 jijini Dar es Salaam, yalitazamwa kama vita vya wageni vilivyopiganiwa katika ardhi ya wenyeji. Mtazamo huo ulidumu hata baada ya jeshi la Kenya kuingia Somalia Oktoba 2011 na kundi la kigaidi la Al-Shabaab la huko kuanza kulipiza kisasi, na hata baada ya watu 67 kuuawa katika duka kubwa la Westgate Septemba 2013. Uliporomoka tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, kwa kuwa mmoja wa washambuliaji alitambuliwa kuwa Mkenya aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu katika Kaunti ya Mandera. Vivyo hivyo, katika shambulio la jengo la DusitD2 la Januari 2019, lililoua watu 21, walikuwamo vijana wa Kenya, mmoja wao mwana wa mwanajeshi.

Habari za yule chifu zinastahili kutazamwa kwa karibu. Wizara ya Mambo ya Ndani yenyewe ilieleza kwamba baba huyo alikuwa ametoa taarifa kwa vyombo vya usalama kuwa mwanawe ametoweka, akihofia kwamba amevuka kwenda Somalia, na kwamba alikuwa akisaidia kumtafuta. Yaani mtu aliyekuwa karibu kabisa na hatari aliiona, akaisema, na akaisema mahali panapotakiwa. Sera yoyote ya kupambana na itikadi kali, kwa maoni ya makala haya, inapaswa kupimwa kwanza kwa jambo hilo: mzazi anayetoa taarifa hufanyiwa nini, na mwanawe hufanyiwa nini, kwa maana majirani wengine wote wanatazama kabla ya kuamua iwapo nao wataenda kituoni au watanyamaza.

Kunyamaza huko kuna historia. Eneo la kaskazini mashariki mwa Kenya liliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari tangu miaka ya kwanza ya uhuru hadi mwaka 1991, na Februari 1984 wanaume wa jamii ya Kisomali walikusanywa na vikosi vya serikali katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakazuiliwa kwenye jua kali bila chakula wala maji na wengi wakauawa; Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikadiria karibu watu elfu moja. Kwa miongo kadhaa kijana wa Kisomali, na mara nyingi kijana Mwislamu wa Pwani pia, alipigwa msasa na kamati maalumu kabla ya kupewa kitambulisho ambacho mwenzake wa maeneo mengine alikipata kwa utaratibu wa kawaida, na agizo la rais la kuukomesha utaratibu huo lilitolewa Februari 2025 tu. Pwani kuna kilio cha muda mrefu cha ardhi, cha watu waliozaliwa na kuzeeka katika shamba ambalo hati yake inashikiliwa na mtu mwingine. Hakuna lolote kati ya hayo linalomhalalishia mtu kuua wanafunzi mabwenini, na maelfu kwa maelfu ya vijana waliopitia dhuluma hizo hawajamgusa mtu. Hata hivyo, msajili wa magaidi halazimiki kubuni uongo wote mwenyewe, kwa sababu nusu ya hotuba yake ameandikiwa na serikali.

Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilichapisha mwaka 2017 utafiti uliowahoji mamia ya watu waliokuwa wamejiunga kwa hiari na makundi ya aina hii katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Somalia zikiwamo, na asilimia 71 kati yao walisema kwamba kilichowasukuma hatimaye ni kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Utafiti huo huo ulipata jambo ambalo masheikh wa Pwani wamelisema siku zote bila kusikilizwa, kwamba aliyesoma dini kwa miaka sita au zaidi alikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kujiunga, na kwamba zaidi ya nusu ya waliohojiwa walikiri kuwa hawakuyasoma wala kuyaelewa vizuri maandiko ya dini wanayodai kuyapigania. Serikali inayoitazama madrasa kama kiwanda cha magaidi humtendea kama mshukiwa mwalimu ambaye angeweza kuwa ngome yake ya kwanza.

Shaka ya aina hiyo ilitawala nchini Kenya kati ya mwaka 2012 na 2015. Wahubiri wawili wa Mombasa walioshutumiwa kuchochea vijana, Aboud Rogo na Abubakar Shariff aliyejulikana kama Makaburi, waliuawa kwa risasi na watu wasiojulikana, wa kwanza Agosti 2012 na wa pili Aprili 2014, badala ya kesi zao kufikishwa mwisho mahakamani ambako ushahidi ungewekwa wazi na wafuasi wao kuusikia. Februari 2014 polisi waliuvamia Msikiti Musa wa Mombasa na kukamata vijana zaidi ya mia moja kwa mkupuo. Aprili mwaka huo huo, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya Wasomali walikamatwa katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na kwingineko, wengi wakizuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani wakisubiri kuhakikiwa. Mashambulio hayakukoma; shambulio la Garissa lilitokea mwaka mmoja baadaye. Ni kweli kwamba polisi wa Kenya nao waliuawa kwa wingi katika miaka hiyo, hasa mpakani ambako magari yao yalilipuliwa barabarani, na hasira yao inaeleweka, ila msako wa jamii nzima huwapa magaidi kile walichokitaka tangu mwanzo, yaani mpaka ulio wazi kati ya Waislamu na wananchi wenzao.

Kwamba mpaka huo ndio waliouwinda huonekana wazi katika safari mbili za mabasi ya Mandera. Tarehe 22 Novemba 2014, Al-Shabaab walilisimamisha basi lililokuwa likielekea Nairobi, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuua watu 28. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, walilisimamisha basi jingine na kutoa amri ile ile, lakini safari hii abiria Waislamu walikataa kutenganishwa. Wanawake waliwapa Wakristo hijabu zao wajifunike, na abiria wakawaambia wavamizi wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Mwislamu Salah Farah, aliyepigwa risasi katika tukio hilo, alifariki mwezi uliofuata akitibiwa Nairobi. Kisa hicho kilitengenezewa filamu fupi iitwayo Watu Wote, iliyofika hadi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Abiria wale hawakuwa na silaha wala mafunzo, na waliyoyafanya hayakuagizwa na waraka wowote wa serikali.

Serikali kwa upande wake ilijaribu njia nyingine pia. Baada ya Westgate ilianzisha Nyumba Kumi, mpango ulioigwa kutoka Tanzania ambako balozi wa nyumba kumi alikuwapo tangu miaka ya 1960, ili majirani wajuane na mgeni atambulike. Wazo ni zuri, lakini mzee wa mtaa anayejulikana kupeleka majina kituoni hubaki peke yake usiku, na Kaunti ya Kwale imewazika wazee kadhaa waliolipia ushirikiano huo kwa maisha yao. Aprili 2015, siku chache baada ya Garissa, waziri wa mambo ya ndani aliwatangazia msamaha vijana waliorejea kutoka Somalia, kwa muda wa siku kumi wa kujisalimisha. Baadhi walijitokeza, wengine walijificha, na wapo waliouawa baada ya kurudi, ama na wenzao wa zamani waliowaona wasaliti, ama na watu ambao familia ziliamini kuwa ni wa vyombo vya dola. Mwezi huo huo serikali ilizifunga akaunti za benki za Haki Africa na Muhuri, mashirika ya haki za binadamu ya Mombasa ambayo wazazi walikuwa wakiyakimbilia kwanza, mpaka mahakama ilipoamuru zifunguliwe. Mkakati wa kitaifa wa kupambana na itikadi kali wa mwaka 2016, na mipango ya kaunti iliyoanzia Kwale na majirani zake mwaka 2017, ilirekebisha mengi, angalau kwenye karatasi, kwa kuwaketisha meza moja maafisa wa usalama, viongozi wa dini, walimu na wanawake.

Nje ya Afrika pia kuna mfano wa kutazama. Katika mji wa Aarhus, Denmark, ambako vijana wapatao 30 walikwenda Syria wakati wa vita mwaka 2013, polisi walishirikiana na idara za ustawi wa jamii na shule kuwapokea wazazi, kumpa kila kijana mtu mzima wa kumwongoza, na kumsaidia arudi masomoni au apate kazi, huku aliyetenda kosa la jinai akishtakiwa kama kawaida. Mwaka uliofuata idadi ya walioondoka ilishuka sana, ingawa si haki kuupa mpango huo peke yake sifa zote. Denmark ni nchi tajiri yenye vijana wachache wa kufuatiliwa, na fedha za kumpa kila kijana mlezi hazipatikani kirahisi katika maeneo ya Kenya kama Isiolo au Likoni. Sehemu isiyohitaji fedha nyingi ni ya sheria. Msamaha wa mwaka 2015 ulikuwa tamko la waziri, na tamko la waziri haliifungi mikono idara nyingine wala halimlindi aliyeliamini. Sheria ya Bunge ingeweza kueleza ni ofisi gani inampokea kijana anayerejea au anayeshukiwa na mzazi wake, ni makosa gani hayasameheki, hakimu ataletewa lini jalada lake, nani anawajibika akitoweka akiwa mikononi mwa dola, na ndani ya saa ngapi mama yake ataambiwa alipo.