Muhuri wa "Siri" Haufungi Waraka

Msimu wa mashindano ya wanafunzi wa sheria ukifika, wale wanaoandika mapendekezo ya kurekebisha sheria hunijia na swali lile lile: kifungu cha 6 cha Sheria ya Kupata Habari ya Kenya, ya mwaka 2016, kifutwe, maana nyaraka za siri haziombeki? Swali limepinda tangu mwanzo. Kifungu hicho hakisemi popote kwamba waraka uliogongwa muhuri wa "siri" umefungwa.

Kisomeni. Kinapima madhara: je, habari hii ikitoka, kuna uwezekano wa kudhoofisha usalama wa taifa, kuhatarisha maisha ya mtu, kuingilia faragha isivyostahili, kuharibu kesi? Ukiacha habari ambazo sheria ya Jeshi la Ulinzi yenyewe imeziainisha kuwa siri, wino wa karani hauthibitishi dhara lolote. Kipengele cha usiri ambacho wizara imekitia saini kwenye mkataba nacho hakitoshi. Serikali ilikitegemea katika kesi ya mikataba ya reli ya SGR. Mei 2022, Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru mikataba hiyo itolewe kwa Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, walioidai. Anayenyima ndiye mwenye mzigo wa kueleza dhara. Sasa mwanafunzi anayeanza insha yake kwa kukubali kwamba muhuri una nguvu amemkabidhi ofisa ushindi ambao sheria haikumpa, na inaniuma kuona bidii ya kurasa nyingi ikijengwa juu ya kosa hilo.

Penye kasoro ni kifungu kidogo cha 4. Kinaruhusu habari itolewe pale maslahi ya umma yanapozidi madhara, lakini uamuzi kimeuachia mahakama. Mwanakijiji anayetaka ripoti ya zahanati yake hana pesa za wakili. Andikeni hapo: ofisa anayepokea ombi alazimishwe kupima maslahi ya umma mwenyewe, na kwa maandishi.

Wasiosubiri marekebisho, fanyeni hivi. Andika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza. Kuomba hakulipiwi, na sababu hudaiwi. Taja waraka kwa jina na mwaka. Jibu litoke ndani ya siku 21, au saa 48 kama uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Ukinyimwa, uliza ni aya gani ya kifungu cha 6 na dhara gani, kisha ndani ya siku 30 peleka malalamiko kwa Ombudsman.