"Usiharibu kura": Vile jimbo dogo la Maine lilikataa kutishwa na maneno haya

Kila uchaguzi ukikaribia kuna maneno ambayo kijana wa Kenya lazima atayasikia, iwe ni kwa matatu, kwa kinyozi ama kwenye grupu ya familia: "Huyo ni mzuri, lakini hawezi kushinda. Usiharibu kura yako." Basi. Mgombea uliyempenda, yule mwenye sera lakini hana helikopta, anaishia hapo. Unafika debeni unampigia mtu usiyemtaka kwa sababu yule mwingine unamwogopa zaidi.

Usidhani ni sisi tu. Hata Marekani vijana huambiwa hivyo hivyo. Lakini kuna jimbo moja dogo pale pembeni kabisa, kaskazini mashariki, linaitwa Maine, ambalo watu wake walichoka wakaamua kubadilisha namna kura inavyopigwa na kuhesabiwa. Mimi niliacha chuo kabla ya kuvaa joho, kwa hivyo usitarajie mhadhara wa sayansi ya siasa. Nitakueleza vile ningemweleza msee wa base.

MAINE NI WAPI TENA?

Ni jimbo la baridi kali lililopakana na Canada, wavuvi wake wakisifika kwa kamba wakubwa wa baharini. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 1,362,359. Hao ni kama watu wa kaunti ya Machakos peke yake. Lakini bunge lao lina wabunge 151 na maseneta 35, wote wakichaguliwa kila baada ya miaka miwili. Yaani mbunge akilala kazini, hungoji miaka mitano.

Kingine cha kushangaza ni kwamba kwenye serikali ya jimbo, gavana ndiye mtu pekee anayechaguliwa na wapiga kura wote. Naibu gavana hakuna. Mwanasheria mkuu, mweka hazina na katibu wa jimbo, ambaye ndiye msimamizi wa uchaguzi, huchaguliwa na wabunge.

Kura zenyewe huja mara mbili katika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Jumanne ya pili ya Juni ni mchujo wa vyama, halafu Novemba unakuja uchaguzi mkuu. Sasa sikia, mchujo wao si ule wa kuamkia makao makuu ya chama kutafuta cheti. Huendeshwa na makarani wa miji, wale wale wanaosimamia uchaguzi wa Novemba. Hakuna bosi wa chama anayegawa tiketi ya moja kwa moja akiwa sebuleni kwake.

Na mlango wameuacha wazi kwelikweli. Ukiwa na miaka 17 lakini utafikisha 18 kabla ya uchaguzi wa Novemba, unapiga kura ya mchujo. Tangu 2024, hata asiye mwanachama wa chama chochote anaruhusiwa kuchagua mchujo mmoja na kushiriki. Ukisahau kujiandikisha, unajiandikisha siku hiyo hiyo ya kura. Wabunge walijaribu kuifuta ruhusa hiyo mwaka 2011, wananchi wakairudisha kwa kura miezi michache baadaye. Hata mfungwa aliye gerezani Maine hupiga kura.

GAVANA WA ASILIMIA 38

Shida ilikuwa kwenye hesabu. Mwaka 2010, wagombea watano walipigania ugavana. Paul LePage wa Republican alishinda kwa takriban asilimia 38. Eliot Cutler, mgombea huru, alipata karibu 36. Libby Mitchell wa Democratic akapata kama 19. Ukipiga hesabu, watu 6 kati ya 10 walimtaka mtu mwingine, lakini kura zao ziligawanyika. Mwaka 2014 Cutler akarudi tena, ikawa kinyang'anyiro cha watu watatu, na LePage akashinda kwa asilimia 48.

Kwa miaka hiyo yote, mjadala ukawa ni ule ule tunaoujua: nani anamharibia nani? Nani ajiondoe? Badala ya kuuliza mgombea atafanya nini, watu wakawa wanauliza kama ana nafasi.

Novemba 2016, kwenye kura ya maamuzi, wakazi wa Maine wakapitisha mfumo mpya kwa asilimia 52. Mfumo wenyewe ni rahisi kuliko unavyosikika. Fikiria umemtuma mdogo wako kibandani. Unamwambia: "Leta chapo ndengu. Kama ndengu imeisha, leta chapo maharagwe. Hayo nayo yakiisha, leta ugali sukuma." Hujaagiza chakula mara tatu. Umeagiza mara moja, lakini umepanga chaguo lako ili usilale njaa.

Karatasi ya kura ni hivyo hivyo. Unaweka alama kwa mgombea wako wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mtu akipita nusu ya kura mara moja, mchezo umeisha. Asipopatikana, wa mwisho anaondolewa, na kila karatasi yake inaenda kwa chaguo linalofuata la mwenye karatasi hiyo. Inarudiwa hadi apatikane mwenye zaidi ya nusu ya kura zilizobaki.

WANASIASA HAWAKUFURAHI

Usifikiri ilipita kama maji. Mei 2017, majaji wa mahakama ya juu ya Maine walitoa ushauri kwamba mfumo huo unagongana na katiba ya jimbo kwenye uchaguzi mkuu wa gavana na wabunge wa jimbo, kwa sababu katiba inasema mwenye kura nyingi kuliko wengine ndiye mshindi, hata kama hajafika nusu. Oktoba mwaka huo, wabunge wakapitisha sheria ya kuuweka mfumo huo kando, na kama katiba haingebadilishwa kufikia 2021, ungezikwa kabisa.

Hapo ndipo wananchi wa kawaida waliingia barabarani na fomu. Wakati wa baridi kali, watu wa kujitolea walikusanya saini zaidi ya 60,000 kuizuia sheria hiyo ya wabunge. Juni 12, 2018 likatokea jambo ambalo sijawahi kuliona kwingine. Kwenye siku moja, watu walitumia mfumo mpya kwenye mchujo, na hapo hapo wakapiga kura kuamua kama wataendelea nao. Waliotaka uendelee walishinda kwa takriban asilimia 54.

Siku hiyo hiyo, chama cha Democratic kilikuwa na wagombea saba wa ugavana. Janet Mills alianza na kama theluthi moja tu ya kura. Baada ya raundi nne za kuhesabu alikuwa amevuka nusu, na Novemba akashinda ugavana. Saba waligombea, na hakuna aliyelazimika kumwambia mwenzake "niachie".

KURA 2,171

Mtihani mkubwa ulikuja Novemba 2018, kwenye kiti cha eneo la pili la Maine katika Bunge la Marekani. Mbunge aliyekuwepo, Bruce Poliquin wa Republican, aliongoza raundi ya kwanza kwa kura 134,184. Jared Golden wa Democratic, aliyekuwa na miaka 36, alikuwa na 132,013. Tofauti ni kura 2,171. Kwa mfumo wa kawaida, Golden angefunga virago aende nyumbani.

Lakini hakuna aliyekuwa na nusu. Kulikuwa na wagombea huru wawili waliopata jumla ya kura zaidi ya 23,000. Karatasi hizo zikaangaliwa chaguo linalofuata. Hesabu ilipoisha, Golden alikuwa na 142,440 na Poliquin 138,931. Poliquin alienda mahakamani, akashindwa. Jaji aliyemkatalia alikuwa ameteuliwa na Donald Trump, kwa hivyo wale wa kusema kesi ilipangwa na wapinzani walikosa la kusema.

Fikiria wale 23,000 na ushee. Hawakuambiwa wamuache mgombea wao. Walimchagua waliyemtaka, na bado wakapewa nafasi ya kuamua mshindi.

SI DAWA YA KILA KITU

Tuongee ukweli lakini. Kwenye uchaguzi huo, karatasi zaidi ya 8,000 hazikufika raundi ya mwisho, nyingi kwa sababu wenyewe hawakuandika chaguo lingine. Matokeo nayo yalichukua zaidi ya wiki, na sisi Wakenya tunajua vile kungoja matokeo hupandisha presha.

Pia mfumo haugeuzi walio wachache kuwa wengi. Mwaka 2020, Seneta Susan Collins wa Republican alipita nusu raundi ya kwanza tu, na chaguo la pili la mtu yeyote halikuhitajika. Aliyekubalika na wengi alishinda, basi.

Na cha kuchekesha ni kwamba ugavana, kiti kilicholeta kelele zote, bado unaamuliwa kwa njia ya zamani ifikapo Novemba. Mchujo wa Juni unatumia mfumo mpya, uchaguzi mkuu wa gavana hautumii. Kifungu kinachozuia kina historia yake. Katiba ya kwanza ilidai zaidi ya nusu ya kura, na mwaka 1879 jambo hilo likaleta mzozo ambao nusura watu washikiane bunduki. Mwaka 1880 wakabadilisha.

WALIOPITIA DADAAB NA KAKUMA

Kuna kitu kingine kinachotuhusu zaidi. Miji ya Lewiston na Portland huko Maine ina jamii kubwa ya Wasomali, na wengi wao walipitia kambi za Dadaab na Kakuma hapa kwetu. Mwaka 2019 Safiya Khalid, akiwa na miaka 23, alichaguliwa kwenye baraza la mji wa Lewiston. Mwaka 2022 Deqa Dhalac na Mana Abdi wakaingia bunge la jimbo.

Na pesa je? Tangu uchaguzi wa 2000, Maine ina mpango wa kufadhili kampeni. Anayetaka ubunge wa jimbo anatafuta angalau wapiga kura 60 wa eneo lake, kila mmoja atoe dola 5, kama shilingi 650 hivi. Akifikisha, kampeni inalipiwa na hazina ya umma, na haruhusiwi tena kuchukua pesa za matajiri. Hebu waza MCA wa kwenu akiambiwa masharti hayo.

SASA SISI JE?

Kwetu rais lazima apate zaidi ya nusu, la sivyo turudi debeni. Lakini gavana, seneta, mbunge na MCA hushinda kwa kuwa mbele tu, hata kama wengi hawakumtaka. Ndiyo maana kila msimu kuna "zoning", kuna mgombea anayelipwa ajiondoe na mwingine anayelipwa asimame ili agawanye kura za kijiji fulani.

Sisemi tunakili Maine kesho asubuhi. Imani yetu kwa hesabu za kura ni kidogo hata kwa raundi moja, sembuse nne. Ila tunaenda 2027, na tutaambiwa tena tusiharibu kura. Tukumbuke kwamba si wanasiasa waliowapa watu wa Maine chaguo la pili. Wanasiasa walijaribu kulifuta. Liliokolewa na watu wenye fomu na kalamu, wakisimama kwenye baridi. Katiba yetu pia ina njia ya kuibadilisha kupitia saini milioni 1 za wananchi, na vijana waliojiandikisha kupiga kura ni wengi zaidi ya hapo.