Silaha za Mkono na Mafundi Wake (4): Bastola ndogo, risasi kubwa

Alhamisi, Machi 7, 2024, Gavana Henry McMaster wa South Carolina, Marekani, alitia saini sheria inayomruhusu mtu wa miaka 18 na kuendelea, asiyezuiwa na sheria kumiliki silaha, kutembea na bastola, iwe wazi kiunoni au imefichwa ndani ya nguo, bila kibali na bila kupita darasani. Ni jimbo la 29 kufika huko. Mimi nilizisikia habari hizi kwa simu kutoka kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye anaishi jimboni humo akihudumia wazee majumbani mwao. Mwaka uliotangulia alinunua bastola ya aina ambayo mfululizo huu ungeifikia hata kama sheria hiyo isingepita: fupi, nyembamba, inayojificha chini ya shati, lakini inayotumia risasi ya kaliba .45.

Waliofuatana nami tangu makala ya kwanza wanajua tofauti ya rivolva na bastola inayojipakia yenyewe, na wanajua kwamba .45 ni kipenyo cha risasi kwa inchi, yaani karibu milimita 11 na nusu. Kwa hiyo naingia moja kwa moja.

“Mjomba, hiki kitu kina teke,” ndivyo alivyoniambia baada ya siku yake ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha. Alinunua sanduku la risasi 50. Alipofika ya 30 alikuwa akifumba macho kabla ya mlio, na mtutu ulikuwa ukiinama kabla hajafyatua, kwa sababu mkono ulishajua kinachokuja. Risasi zilikuwa zikipiga chini ya shabaha, nyingine hazikugusa hata karatasi. Alidhani amedanganywa dukani. Hakudanganywa. Bastola ya jeshi ya mwaka 1911, ambayo ndiyo mama wa hizi zote, ina uzito wa takriban kilo 1.1 ikiwa tupu. Yake ina gramu kama 600. Risasi ni ileile, gramu karibu 15, nayo hutoka kwa kasi ya mita kama 250 kwa sekunde, pungufu kidogo kwenye mtutu mfupi. Newton aliliweka jambo hili wazi tangu mwaka 1687: kinachosukumwa mbele husukuma nyuma kwa kiasi hichohicho. Punguza uzito wa chombo kwa karibu nusu, na nishati ya teke linaloufikia mkono inakaribia maradufu. Hakuna kiwanda kinachoweza kuikwepa hesabu hiyo.

Ni nani basi aliyewafundisha Wamarekani kwamba risasi lazima iwe na upana huo? Hapa naomba msomaji anivumilie, maana jambo hili nimelisoma kwa miaka mingi na kila nikilirudia naona watu wamelishika nusu.

Mwaka 1904 jeshi la Marekani liliwatuma watu wawili kwenye mazizi ya machinjio ya Chicago. Mmoja alikuwa John T. Thompson wa idara ya silaha, huyohuyo ambaye baadaye jina lake lilipewa bunduki ndogo ya rashasha. Mwingine alikuwa Louis LaGarde, daktari wa jeshi. Waliwapiga risasi ng’ombe waliokuwa wakisubiri kuchinjwa, na wakazipiga maiti za binadamu zilizoning’inizwa ili waone mifupa inavyovunjika na viungo vinavyobembea. Ni majaribio ya kuchukiza, na nayataja kwa sababu sera ya silaha ya nchi kubwa ilijengwa juu yake.

Chanzo chake kilikuwa Ufilipino. Marekani ilikuwa imevichukua visiwa hivyo kutoka kwa Hispania mwaka 1898, na huko kusini, Mindanao na Sulu, Wamoro, ambao ni Waislamu, hawakukubali kubadilishiwa bwana. Askari waliandika kwamba rivolva zao za .38 hazikuwazuia: mtu anapigwa risasi kadhaa na bado anakuja na upanga wake. Watawala waliona tatizo lipo kwenye risasi. Mimi naona mtu anayetetea ardhi yake hazuiliwi kwa milimita mbili za ziada. Mwaka mmoja baada ya majaribio yale, Julai 1905, wazee wetu wa Umatumbi waliinuka dhidi ya Mjerumani wakiwa na imani ya maji, na yeye pia alidhani jibu lipo kwenye bunduki. Alipomaliza, kusini mwa nchi yetu ilikuwa imekufa njaa.

Turudi Chicago. Taarifa ya Thompson na LaGarde ilisema kwamba bastola ya jeshi isiwe na kaliba chini ya .45. Hilo kila mpenzi wa bastola analijua, na wauzaji wanalirudia hadi leo. Lakini taarifa hiyohiyo ilikuwa na neno la pili. Ilisema kwamba sehemu kubwa ya mwili wa mtu haitoi uhakika wowote wa kumsimamisha papo hapo kwa risasi ya bastola, na kwa hiyo askari wanaobeba bastola wafundishwe kulenga bila kukoma. Mafunzo yasiyokoma. Wale waliotetea risasi kubwa kuliko watu wote wa zama zao ndio walioandika kwamba risasi kubwa peke yake haitoshi. Neno la kwanza limedumu zaidi ya karne, hili la pili halina anayelitangaza.

Aliyeichukua kazi ya kutengeneza bastola ya kufaa risasi hiyo alikuwa John Moses Browning, mtoto wa fundi bunduki, aliyezaliwa mwaka 1855 Ogden, Utah, na kufia kiwandani Herstal, Ubelgiji, mwaka 1926, akiwa na hataza 128. Katika majaribio ya Machi 1911 bastola yake ilipigwa risasi 6,000 kwa siku mbili bila kukwama hata mara moja. Ilipopata moto ilitumbukizwa ndani ya maji na kazi ikaendelea. Machi 29 jeshi likaipokea, na ilikaa viunoni mwa askari hadi mwaka 1985, ilipochaguliwa bastola ya milimita 9 kushika nafasi yake.

Uzuri wa ufundi wake uko kwenye mwendo. Mtutu na kile ninachokiita kitelezi, yaani gamba la juu linaloteleza, vimeshikana kwa meno. Risasi inapotoka, vinarudi nyuma pamoja hatua ndogo. Halafu kiungo kidogo kilicho chini ya mtutu kinauvuta ushuke, meno yanaachana, kitelezi kinaendelea peke yake, kinalitupa ganda, kinasukumwa na springi kurudi mbele na njiani kinachukua risasi nyingine. Kila kitu kina nafasi yake na muda wake, na Browning alivipima kwa mtutu wa inchi 5.

Ukiukata mtutu huo, unaugusa mpangilio huo wote. Colt waliushusha hadi inchi 4.25 karibu mwaka 1950, kisha hadi 3.5 mwaka 1985. Kati ya hapo, miaka ya 1970, Detonics wa Seattle walitoa ndogo zaidi, wakaunenepesha mtutu wao mdomoni mithili ya pia, kwa sababu mtutu mfupi huinama kwa pembe kubwa na pete ya Browning inayoushika mtutu kwa mbele haiupi nafasi. Kitelezi kifupi ni chepesi na kina safari fupi, kwa hiyo springi lazima iwe ngumu, na magazini ina muda mdogo sana wa kuiinua risasi inayofuata. Ndiyo sababu wenye bastola hizi huwa na malalamiko yanayofanana: kitelezi ni kigumu kuvuta, springi zinachoka mapema, risasi inakwama mdomoni mwa mtutu. Mpwa wangu ilimkwama mara tatu siku ya kwanza. Mwalimu wake hakuigusa bastola, alimshika kifundo cha mkono na kukikaza. Mkono ukilegea, kitelezi hakimalizi safari yake. Chombo kilikuwa kizima.

Na je, udogo wa risasi ni udhaifu? Browning huyohuyo alibuni, kwa ajili ya kiwanda cha FN, bastola ya mfukoni ya mwaka 1910, yenye risasi isiyofikia nusu ya uzito wa ile ya .45. Muuaji Gavrilo Princip aliificha moja huko Sarajevo, Juni 28, 1914, akapiga mara mbili, wakafa watu wawili, Mwanamfalme Franz Ferdinand na mkewe Sophie. Mauaji hayo yakawasha Vita Kuu ya Kwanza: Agosti vita vilikuwa Taveta, Novemba vilikuwa Tanga, na maelfu kwa maelfu ya watu wetu wakabebeshwa mizigo ya majeshi wakafia porini. Anayeshuka leo Kariakoo kununua vitambaa anatamka jina la kikosi cha wapagazi hao. Bastola ya Princip imewekwa kwenye jumba la makumbusho ya kijeshi huko Vienna. Kila ninapomsikia mtu anasema risasi ndogo haina kitu, moyo wangu unakwenda kwa wapagazi wale.

FBI nao, baada ya kuwapoteza maofisa wawili Miami Aprili 11, 1986, walikimbilia risasi kubwa zaidi. Miaka kama 30 baadaye walirejea kwenye milimita 9, na sababu mojawapo waliyoitoa ni kwamba maofisa wao wengi wanalenga vizuri zaidi nayo.

Nafasi niliyopewa inakwisha na sijaigusa sheria mpya ipasavyo. Itoshe kusema kilichoondolewa. Mpwa wangu, kwa sheria ya zamani, alilazimika kukaa darasani na kupiga shabaha mbele ya mwalimu kabla ya kupewa kibali. Hapo ndipo aliposhikwa kifundo cha mkono. Sasa mafunzo ni ya hiari. Nalisema bila kuzunguka: kumpa mtu ruhusa ya kubeba silaha ngumu kuimudu, na kumwachia mwenyewe aamue kama atajifunza, ni kuwakosea haki yeye, watoto wake na jirani yake.

Mambo mengine ameyajua kwa kuishi nayo. Mkanda wa kawaida haubebi, alinunua mgumu. Joto la Julai linatoa jasho, na jasho linaleta kutu, kwa hiyo kila jioni anaifuta kwa mafuta. Magazini inachukua risasi 5 tu. Na baadhi ya nyumba anazohudumia hazimruhusu kuingia nayo, kwa hiyo kwa miezi kadhaa aliiacha kwenye droo ya gari, mahali ambapo mwizi anaanzia. Nilipolisikia hilo nilimpigia usiku uleule. Amenunua kisanduku cha chuma chenye kufuli, amekifunga kwa waya mnene chini ya kiti.

Jumamosi mwenzake wa kazini, ambaye hajawahi kupiga risasi hata moja, alimletea bastola kama yake, mpya, akamwuliza magazini inatokaje. Wamekubaliana waende uwanjani pamoja mwisho wa wiki, na nimemwomba mpwa wangu amwanzishe na bastola ya kuazima, nzito na ya risasi ndogo. Katika makala ya tano nitaeleza springi na magazini, kwa michoro.