Mkristo na Mke Aliyebaki Nyumbani

Nyumbani kwetu Songea kitabu cha hadithi kilichosomwa mpaka jalada likang'oka ni Safari ya Msafiri, alichotunga Mwingereza John Bunyan mwaka 1678. Jioni, baada ya Rozari, baba alisoma kwa sauti, nasi tulisikiliza huku tukipukuchua mahindi.

Ni habari ya mtu aitwaye Mkristo. Atoka katika mji utakaoangamizwa, mzigo mzito mgongoni, autafuta mji wa Mungu. Afikapo penye Msalaba, mzigo wafunguka wenyewe na kubingirika hadi kaburini. Sisi watoto tulipenda zaidi pale jitu lilipomfunga ngomeni yeye na mwenzake, wakapigwa na kukata tamaa, kumbe ufunguo wa mlango anao kifuani siku zote!

Mama hakucheka. Aliuliza, "Na mkewe je?" Maana mwanzoni kabisa Mkristo amwacha mkewe na watoto wanne. Wamwita arudi, naye aziba masikio kwa vidole akakimbia.

Swali hilo si dogo kwetu Ungoni. Zama za Waingereza wanaume wengi walitoka huku kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Wengine walirudi na nguo na baiskeli. Wengine hawakurudi, wala barua haikuja, na mke akabaki na jembe na watoto. Mwanamke aliyeyaona hayo hamshangilii upesi mtu akimbiaye nyumba yake, hata kama aenda mbinguni.

Bunyan mwenyewe, fundi wa kuziba masufuria, aliyajua hayo. Alifungwa huko Bedford miaka 12 kwa kuhubiri bila ruhusa, akaacha nyumbani mke na watoto wanne, mmoja wao kipofu. Gerezani alitengeneza kamba za viatu ziuzwe, wapate kula.

(Sisi Wakatoliki tutachomwa na ukurasa mmoja, ambapo Baba Mtakatifu achorwa kama jitu zee mlangoni pa pango. Siku zile chuki za madhehebu zilikuwa kali. Baba alipasoma palivyo, akatueleza, akaendelea. Nami naona alifanya vema.)

Mwaka 1684 Bunyan alitoa sehemu ya pili. Humo mke, Christiana, afunga safari ile ile pamoja na wanawe wanne na msichana wa jirani. Hawaendi mbio. Wana mlinzi, wapumzika, na mtoto mmoja augua tumbo kwa kula matunda ya shamba la adui, mpaka aitwe mganga.

Kitabu chetu hakikuwa na sehemu hiyo. Nilipoipata kwa Kiingereza, mama alikuwa mzee, haoni vizuri, nikamfasiria jioni baada ya jioni. Tulipofika penye mtoto wa kuumwa tumbo alinishika mkono.

"Ngoja," akasema. "Rudia hapo. Sasa huyu ameandika habari za nyumba."